Sura ya Sita: Kashata Zipo, Tairi Limekwisha

Dereva wa Mbeya au Iringa akitaka kujua hali ya tairi, hutazama kashata, yale meno ya mpira yanayogusa lami. Zikiwa bado zimesimama, tairi ni zima. Zikilala, tairi ni kipara na muda wake umefika. Kipimo hicho ndicho anachotumia fundi pancha, na ndicho anachotumia muuzaji wa matairi ya mtumba anapopanga bidhaa zake kando ya barabara. Kwa lori linalomaliza seti ya matairi ndani ya mwaka mmoja au miwili ni kipimo kizuri, maana tairi lake huisha kabla halijazeeka. Kwa gari la kasi kinapungukiwa. Subaru yenye turbo, Crown Athlete, Altezza au Mark X inayotoka nyumbani mwisho wa wiki na kushuka Dar es Salaam mara chache kwa mwaka inaweza kukaa na matairi yale yale miaka minane, na kashata zikabaki nusu. Hoja ya sura hii ni kwamba tairi la namna hiyo halifai tena, hata kama rula inasema linafaa. Tairi la gari la kasi hukauka kabla ya kuisha, na katika Nyanda za Juu Kusini swali la kwanza la kuliuliza ni lilitengenezwa lini. Kashata zifuate baadaye.

Tuanze na mpira wenyewe. Upepo tunaojaza kwenye tairi una oksijeni yapata sehemu moja ya tano, na oksijeni hiyo, kwa kuwa imebanwa, hupenya polepole kutoka ndani kwenda nje kupitia tabaka zote za tairi. Kila inapopita huungana na mpira na kuubana kwa vifundo vipya, hivyo mpira uliokuwa ukinyumbulika unakuwa mgumu na mkavu. Nje, ozoni na miale ya jua huushambulia ukuta wa tairi mpaka utoe nyufa. Viwanda vinalijua hilo, na huchanganya nta na kemikali za kinga ndani ya mpira. Kinga hiyo hujitokeza juu ya ngozi ya tairi kidogo kidogo kila tairi linapozunguka na kujikunja. Ndiyo maana gari linaloegeshwa muda mrefu haliponi kwa kuegeshwa: tairi lisilozunguka haliisukumi kinga yake nje. Yeyote aliyewahi kuokota kandambili iliyoachwa juani msimu mzima, soli yake nene kama ilivyonunuliwa lakini ikikatika mara tu inapokunjwa, ameuona mchakato huo huo. Na kinachouharakisha ni joto. Kwa kanuni ya jumla ya wakemia, kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mmenyuko wa namna hii hukaribia kuwa maradufu.

Uharibifu mbaya zaidi hauonekani kwa macho. Chini ya kashata kuna mikanda miwili ya nyaya za chuma, mmoja juu ya mwingine, na katikati yake kuna utando mwembamba wa mpira unaoishikanisha. Utando huo, hasa kwenye kingo za mikanda karibu na bega la tairi, ndio unaobeba mvutano mkubwa na joto kubwa kuliko sehemu nyingine. Ukikauka, ufa mdogo huanzia pale na kutambaa kati ya mkanda na mkanda bila dalili yoyote nje. Siku gari linapokimbizwa kwa muda mrefu juu ya lami ya moto, mkanda wa juu unaachia na kubanduka pamoja na kashata zake zote. Dereva atasema tairi lilikuwa zima asubuhi ile ile, na kwa kipimo alichokitumia hakusema uongo.

Gari la kasi lina sababu za ziada za kuogopa umri. Tairi lake limetengenezwa kwa mpira laini wenye mafuta mengi na silika, kwa sababu mpira wa namna hiyo hujishika kwenye vijipembe vya kokoto za lami, hata vikiwa vimelowa. Mafuta hayo hutoka na miaka. Kila safari kali inayolichemsha tairi, kisha likapoa usiku, huupika mpira kidogo zaidi ya pale kiwanda kilipouachia. Ukuta wake ni mfupi, kwa hiyo lina nafasi ndogo ya kujikunja na kumeza pigo la shimo. Chukua tairi lililoandikwa 235/45R18 94W. Namba 94 inasema linaweza kubeba kilo 670; herufi W inasema limepimwa kwa mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Maneno hayo yalikuwa kweli siku lilipotoka kiwandani. Baada ya miaka minane herufi bado inasomeka vizuri pembeni, lakini mpira uliostahili herufi hiyo umebadilika. Mwenye gari analipa gharama ya injini kubwa, breki kubwa na springi ngumu, halafu nguvu yote hiyo inaifikia barabara kupitia kitu kilichopoteza sifa ya pekee iliyofanya kinunuliwe.

Sasa tuliweke tairi hilo kwenye barabara zetu. Gari linalotoka Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huondoka asubuhi ya Julai mpira ukiwa wa baridi, linateremka mlima wa Kitonga kwa breki na kona nyingi, na ndani ya saa chache liko kwenye joto la bonde la Ruaha Mbuyuni, likielekea Mikumi na Morogoro ambako lami inawaka mchana kutwa. Upande wa pili, gari linalotoka Iringa kwenda Mbeya hupita baridi ya Mafinga na Makambako, hushukia Igawa na Chimala kwenye ukingo wa uwanda wa Usangu ambako joto linarudi, kisha hupanda tena kuelekea Uyole na Mbeya iliyo karibu mita 1,700. Anayekwenda Kyela hupanda kwanza hadi zaidi ya mita 2,000 huko Isongole, kwenye ukungu na utelezi wa Rungwe, ndipo ateremke hadi kwenye fukwe za Ziwa Nyasa, ambako Mnyakyusa wa Tukuyu mwenyewe hulalamikia joto. Safari nyingi ndefu za kutoka Mbeya au Iringa hulipitisha tairi katika baridi na joto ndani ya siku moja. Juu ya hayo kuna jua. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko, na kiangazi cha Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mei mpaka Oktoba, ni miezi ya anga jeupe isiyo na wingu la kulifunika gari lililoegeshwa uani.

Baridi nayo ina madhara yake, na hapa ndipo penye hoja inayosahaulika. Mpira wa matairi ya kasi ya majira ya joto huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata tairi likiwa jipya. Mbeya, asubuhi za Juni na Julai, joto hushuka chini ya nyuzi 10 na mara nyingine hukaribia 5. Anayepanda Kitulo kwenda Makete hukutana na sakitu. Tairi jipya lina akiba ya ulaini wa kutosha kuvumilia asubuhi hizo mpaka lipate moto. Tairi lililokauka halina akiba. Kisha inakuja Novemba. Miezi sita ya vumbi, mafuta ya malori na masizi imelala juu ya lami, mvua ya kwanza inaikoroga, na kwa siku chache mteremko wa Iwambi na Mlima Nyoka unakuwa na utelezi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Siku hizo ndizo zinazotenganisha tairi lenye mpira na tairi lenye kashata tu.

Hesabu moja inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Kutoka Ifunda hadi Inyala, kila kijiji kina kibao cha 50, kila kijiji kina watoto wanaovuka kwenda shule, na kila kijiji kinamtaka dereva wa gari la kasi ashuke kutoka mwendo mkubwa hadi mdogo kwa kukanyaga breki. Tuchukulie magari mawili yanayokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye lami iliyolowa. La kwanza lina matairi yanayoshika kwa kiwango cha msuguano cha 0.7, la pili matairi yaliyokauka yanayoshika kwa 0.5. Madereva wote wanakanyaga breki mahali pamoja, na tuache muda wa kushtuka kando. La kwanza litasimama baada ya mita 56. La pili litahitaji mita 79. Lakini tofauti ya mita 23 haisemi kila kitu. Jiulize gari la pili liko katika mwendo gani linapofika pale la kwanza liliposimama: bado linakwenda kilomita 53 kwa saa. Mtoto aliyesimama mita 57 kutoka pale breki zilipokanyagwa anaangaliwa na gari lililosimama, au anagongwa na gari lililo juu ya mwendo wa kijiji. Injini haikubadilika, breki hazikubadilika, dereva hakubadilika. Na nishati ya gari hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari linalokwenda 120 lina nishati ya kutuliza mara mbili na robo ya lile linalokwenda 80. Anayekimbia zaidi ndiye anayelidai tairi zaidi.

Ushahidi wa umri haujatokana na nadharia ya maabara peke yake. Nchini Marekani, baada ya mkasa wa matairi ya Firestone yaliyorudishwa kiwandani kwa mamilioni mwaka 2000 kwa sababu ya kashata kubanduka, wakala wa serikali wa usalama wa barabara, NHTSA, ulifanya utafiti juu ya kuzeeka kwa matairi na kuupeleka bungeni mwaka 2007. Katika takwimu za kampuni moja kubwa ya bima zilizotumika humo, majimbo matano ya joto, yakiwemo Texas, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 tu ya wateja wa kampuni hiyo, lakini yalitoa asilimia 77 ya madai yaliyohusu matairi. Na kati ya madai hayo asilimia 84 yalikuwa ya matairi yenye umri wa zaidi ya miaka sita. Joto na umri, vikikutana, vinaacha alama kwenye vitabu vya bima. Kampuni ya bima haiuzi matairi, na haikuwa na faida yoyote ya kutaka madai hayo yaangukie upande huo.

Uingereza ilijifunza kwa msiba. Septemba 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki liliacha njia karibu na Hindhead, katika Surrey, na watu watatu wakafa. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, ingawa kashata zake zilikuwa ndani ya sheria. Mama wa mmoja wa marehemu, Frances Molloy, alipigania mabadiliko kwa miaka, na tangu Februari 2021 sheria ya nchi hiyo inakataza tairi lenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya lori na basi, na kwenye magurudumu yote ya basi dogo yasiyo na tairi pacha. Kwa gari la kasi, mfano unaojulikana na kila shabiki wa filamu za Fast and Furious ni kifo cha Paul Walker, tarehe 30 Novemba 2013, akiwa abiria katika Porsche Carrera GT huko California. Wachunguzi wa idara ya sherifu wa Los Angeles walisema gari lilikuwa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali penye kikomo cha kilomita 72, na kwamba mwendo ndio uliosababisha ajali. Lakini walitaja pia kwamba matairi yalikuwa na zaidi ya miaka tisa na kwamba umri huo uliathiri jinsi gari lilivyoshika barabara. Gari lile halikukosa pesa ya kununuliwa matairi. Lilikosa mtu wa kuyauliza tarehe.

Kuiuliza ni kazi ya dakika moja. Pembeni mwa tairi tafuta herufi DOT, kisha ufuatishe mstari huo hadi mwisho wake, kwenye kiduara kirefu chenye tarakimu nne zilizokanyagwa ndani ya mpira. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3217 ni wiki ya 32 ya mwaka 2017, yaani Agosti. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ukiwa ndani itabidi ukate stelingi mpaka mwisho au uingie chini ya gari na tochi. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halina haja ya mjadala. Ukiwa hapo, panua mfereji kati ya kashata na kashata kwa vidole viwili na uangalie sakafu yake, kwa sababu nyufa za hatari huanzia kwenye sakafu ya mfereji na kwenye bega, kabla hazijaonekana kwenye ukuta. Bonyeza ukucha kwenye kashata: mpira hai hupokea ukucha na kuurudisha, uliokauka hukataa kabisa. Kisha soma maneno. Magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani huja na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, yaliyotengenezwa kwa theluji ya kwao. Mpira wake ni laini kupita kiasi kwa lami ya Ruaha Mbuyuni, na kashata zake nene humdanganya mnunuzi zaidi kuliko tairi lingine lolote.

Pingamizi la kwanza husikika kila gereji: mbona magari mengi yana matairi ya miaka kumi na hayajapasuka? Ni kweli hayajapasuka. Lakini tairi halidaiwi nguvu yake yote kila siku. Katika mwendo wa kawaida, kwenye lami kavu, likigeuza kona ya Soweto au ya Uhindini, Mbeya mjini, linatumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na tairi jipya na lililokauka huonekana sawa. Nguvu yote hudaiwa mara chache mno maishani: lori linapozima katikati ya kona ya Kitonga, ng'ombe anaporuka barabarani Igurusi, pikipiki inapokata mbele yako Mafinga. Miaka kumi bila ajali inathibitisha kwamba dai hilo halijafika. Haithibitishi kwamba tairi lingelilipa. Zaidi ya hayo, ajali za mpira uliokauka hazirekodiwi kwa jina hilo. Gari likiteleza na kutoka barabarani huandikwa mwendokasi au uzembe, na mara nyingi maneno hayo ni ya kweli, ila hayasemi kwa nini dereva mwingine wa mwendo ule ule alisimama.

Pingamizi la pili linasema umri ni hila ya wenye viwanda kutuuzia matairi zaidi. Tungelikubali iwapo wenye viwanda vya matairi ndio wangekuwa wakali kuliko wote. Hali ni kinyume. Michelin, kwa mfano, inashauri tairi likaguliwe na mtaalamu walau mara moja kwa mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika, na inaweka ukomo wa miaka kumi tangu kutengenezwa. Wanaosema sita ni watengenezaji wa magari. Vitabu vya mwongozo vya Toyota husema tairi lenye zaidi ya miaka sita likaguliwe na fundi mwenye ujuzi hata kama halijaonekana kuharibika. Watengenezaji hao wa magari hawapati chochote tairi linapouzwa Mbeya. Wanachokilinda ni gari na jina lao. Nami ninapochagua kati ya sita na kumi kwa ajili ya gari la kasi, naangalia mazingira tuliyokwisha kuyaona: joto la bondeni, jua la kiangazi, miteremko mirefu na mwendo mkubwa. Ukomo wa kumi umewekwa kwa tairi lolote linalotunzwa vizuri popote. Haukuwekwa kwa Kitonga.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, nalo ni kwamba Nyanda za Juu Kusini ni baridi, na kama joto ndilo linalozeesha mpira, matairi yetu yanapaswa kuishi zaidi ya yale ya Dar es Salaam. Kwa tairi lisilotoka Mbeya mjini, lililo kivulini, hoja hii ina ukweli na sina sababu ya kuipinga: mpira wake utakauka taratibu zaidi. Lakini umri wa tairi hauanzii Mbeya. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na leo tairi jipya hufika kwa meli, hukaa kontena, hukaa ghala la pwani, ndipo lipande. Lile la mtumba limeshaishi maisha mazima mahali pengine, na hakuna ajuaye lilichomwa na jua la nani. Na hata mpira uliozeeka taratibu, baridi ya asubuhi ndiyo itakayouonyesha udhaifu wake. Hewa yetu inapunguza kasi ya kuzeeka kwa mkono mmoja na kuongeza gharama ya uzee kwa mkono wa pili.

Linabaki pingamizi la pesa, na hili halijibiwi kwa mahubiri. Seti ya matairi mapya ya inchi 18 ni pesa nyingi kwa mshahara wowote wa kawaida, na mtumba wenye kashata nzuri kwa nusu ya bei una mvuto wa haki. Ila hesabu ifanywe kwa miaka. Tairi jipya lenye miaka sita mbele yake, likigawanywa kwa miaka sita, lina bei fulani kwa mwaka. Tairi la mtumba la miaka minne kwa nusu ya bei hiyo lina miaka miwili tu ya kutumika kwa usalama. Kwa mwaka limekugharimu mara moja na nusu ya lile jipya, na hapo bado hujalipa kufungisha na wili balansi mara tatu badala ya mara moja. La miaka mitano kwa nusu ya bei ni mara tatu. Mtumba una maana pale tu tarehe inapoonyesha ni changa kweli, ya mwaka mmoja au miwili. Asiyeweza kununua tairi jipya la jina kubwa anunue jipya la jina la kawaida, lenye uzito na herufi ya mwendo inayolingana na gari lake, maana tairi la kawaida lililo hai linashika barabara iliyolowa kuliko tairi mashuhuri lililokufa. Na kama hata hilo halipo mfukoni, basi rimu ya inchi 16 inayokubalika na gari hilo ina matairi ya bei nafuu kuliko ya 18. Kilicho cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ya gari la kasi ni muziki, taa na bomba la moshi. Tairi liwe la mwisho.

Kutokana na hayo yote, uamuzi unaweza kuwekwa wazi. Mpaka miaka mitatu tangu tarehe iliyopo kwenye mpira, angalia kashata, upepo na majeraha ya mashimo, ukijua kwamba nundu yoyote ukutani au waya uliotokeza ni mwisho wa tairi hata kama lina mwezi mmoja. Kati ya mitatu na sita, likague kila Oktoba kabla ya mvua: likiwa na kashata pungufu ya milimita 3, nyufa kwenye sakafu ya mfereji, mtetemo usioondoka baada ya balansi, au ukucha ukigoma, lisiingie Novemba. Usingoje milimita 1.6 inayoruhusiwa na sheria za Ulaya, kwa sababu tairi la gari la kasi ni pana na maji hulibeba mapema. Likifika miaka sita, litoke kwenye gari la kasi bila kujali kashata. Likifika kumi, lisifungwe kwenye gari lolote, na hapa nahesabu spea tairi, kwa maana spea huzeeka ndani ya buti la joto na hutakiwa ghafla, usiku, na mara nyingi kwenye mteremko. Badilisha kwa ekseli, wala si moja moja. Na kwa Subaru inayosukuma miguu yote minne, badilisha yote manne, kwani matairi yenye vimo tofauti huchosha difu ya katikati mpaka iungue.

Uamuzi huu ni wa mwenye gari, lakini madhara yake si ya mwenye gari peke yake, na ndiyo maana nadhani usiachwe kwake tu. Serikali yetu tayari inauliza umri: gari la abiria linaloingia nchini likiwa na zaidi ya miaka minane hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Hakuna ugumu wa kuuliza swali hilo hilo kuhusu tairi, ambalo huchakaa haraka kuliko bati na ndilo pekee linalogusa barabara. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapofika na magari yanapopangwa kukaguliwa na kubandikwa stika, askari mwenye tochi anaweza kusoma tarakimu nne kwa muda ule ule anaotumia kutazama kashata. Muuzaji wa mtumba anaweza kutakiwa kuandika tarehe kwa chaki juu ya kila tairi analolitundika, mnunuzi akaiona kabla ya bei. Hadi siku hayo yatakapokuwa sheria, jukumu liko kwa anayeshika funguo. Mtu aliyeamua kuwa na gari linaloweza kukimbia kuliko mengine ameamua pia kuwa na gari linalopaswa kusimama kuliko mengine, na uwezo wa kusimama una tarehe ya mwisho iliyoandikwa pembeni mwa tairi. Aisome kabla ya mvua.